Jina la Mpima Mvua

Jumatatu moja ya Agosti 2000, saa moja asubuhi, Rébecca alikuta kabati la ofisi yake mtaani Mususa, Butembo, limevunjwa. Daftari la mvua lilikuwa limetoweka.

Yeye alikuwa mwanahistoria wa sayansi. Miaka kumi na miwili alimtafuta aliyepima mvua ya milima hii enzi za Wabelgiji, maana vitabu vilimtaja mkuu wa kituo cha hali ya hewa tu, bwana asiyewahi kulowa. Jana jioni daftari lilifika kutoka Beni. Giza likaingia kabla hajalifungua, na taa haikuwa na mafuta. Alhamisi ndege ya uwanja wa Rughenda ingempeleka kutetea tasnifu yake ya udaktari. Bila lile jina, hakuwa na kitu cha kutetea.

Akaitwa Kitsa, polisi mstaafu mwenye kutaka kujua kila kitu. Alishuku wanajeshi waliolala uani, lakini hao wasingeacha redio iliyokuwa juu ya kabati. Akamgeukia Virginie, jirani aliyeuza karanga zilizofungwa kwa karatasi.

"Karatasi yangu ni ya masomo ya batoto, papa. Angalia yote."

Kitsa akaangalia yote, karanga akala.

Jumatano saa nne, mwalimu Muyisa, aliyemsaidia Rébecca kupokea mzigo ule, akaja na daftari. Alisema amelikomboa sokoni Kimemi. Ukurasa wa kwanza ulisomeka: Nzanzu, mpimaji.

"Ni babu yangu," alisema Muyisa.

Rébecca alilia kwa furaha. Kitsa akavaa miwani, akasoma tarakimu moja moja. Mwaka mzima, kila Jumamosi ilikuwa tupu. Jumapili asubuhi ilijumlisha mvua ya siku mbili.

"Babu yako alikuwa anasali wapi?"

"Mu Katolika. Alikuwa catéchiste, mufundishaji wa dini, mpaka kufa."

"Donc catéchiste anapumuzika samedi, Jumamosi yote, na dimanche anaacha misa juu ya kupima mvua? Aliyeandika hii ni mutu wa Sabato, mwalimu."

Muyisa akainamisha kichwa.

"Kwetu banasemaka babu njo alipimaka mvua. Nilivunja kabati nione jina yake, nikakuta ya mwengine. Haya ikanishika. Nikang'oa page ile, nikaweka ingine."

"Ile ya kwanza iko wapi?" Rébecca aliuliza.

"Niliichoma."

Rébecca akafunga daftari.

"Jina ilikuwa gani?"

"Phinées."

Rébecca akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika ile ulisoma na ile ulifanya, utie signature. Hakuna mutu mwengine aliona jina yake. Weye tu."

Muyisa akaandika Phinées. Akainua kalamu.

"Na ya babu pia, niandike kwamba hakupima?"

"Na yake."

Akaiandika.