Nakala ya Kundi la Tatu

"Zimebaki jumbe laki sita na elfu kumi," redio ilimwambia sikioni. "Zinakwenda mia tano kila sekunde. Una dakika ishirini, Sindano."

"Nimesikia."

Sindano aliilaza Yamaha kwenye kona na kupenya katikati ya malori mawili. Nyuma yake Prado nyeusi ilipiga breki, ikayumba, ikaendelea kumfuata kama ilivyokuwa ikimfuata tangu darajani. Akakata kushoto, akaingia uchochoro ambao hata toroli lingepita kwa kuomba radhi.

Prado haikuomba radhi. Ilikwama.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na watu walijaa barabarani na shughuli zao. Hakuna aliyejua kwamba upande wa pili wa mji kulikuwa na mtu anayekaribia kufa kwa sababu ya foleni.

Mambo yalikuwa hivi. Idara ya ujasusi ilikuwa na makundi mawili ya seva za ujumbe. Kundi la Pili lilipokea taarifa za wapelelezi kutoka kwenye simu zao. Kundi la Kwanza, pale makao makuu, lilipata nakala ya kila neno, na amri za kurudi zilipita njia hiyo hiyo. Alfajiri ya siku hiyo mtu fulani alitega kundi lake mwenyewe, la tatu, likaanza kunakili foleni yote ya taarifa kwa ajili ya walanguzi wa silaha, wenye ile Prado.

Mwisho wa foleni ile kulikuwa na ujumbe wa saa moja asubuhi. Uliandikwa na karani wa mizani, mtu wa Idara aliyepandikizwa ndani ya ghala la walanguzi. Kanuni inasema mpelelezi anayeomba kutolewa ataje jina lake halisi na mahali alipo. Karani alikuwa amevitaja vyote viwili. Nakala ikiufikia ujumbe ule, hatatoka ghalani akiwa hai.

"Futeni ufunguo wa kunakili," Sindano alikuwa amemwambia Mkuu kabla hajaondoka.

"Makundi yote yanatumia ufunguo huo huo; tukiufuta, na amri ya kumtoa karani haitamfikia. Gari la kumchukua halijafika getini. Mashine iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la kutengeneza printa. Nenda ukaizime kwa mkono."

Kilichomkosesha raha ni tabia ya huyo mwizi. Kwanza, alianza kunakili tangu ujumbe wa kwanza kabisa, wa miaka mitatu nyuma. Mwizi wa kawaida angeanza na za leo, maana ndizo zenye moto. Pili, aliweka kikomo cha kasi, mia tano kwa sekunde, ili asizielemee seva za Idara. Huyu alikuwa mwizi anayevua viatu mlangoni.

Sindano alimjua mtu mmoja tu mwenye adabu ya namna hiyo kwa mashine. Hakumtaja kwa Mkuu. Moyo wake ulikuwa ukiomba awe amekosea.

Aliiegesha pikipiki, akapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya tatu, kwenye kiti cha plastiki, jitu moja lilikuwa limezama kwenye simu yake, bastola ya Makarov mapajani. Liliinua uso.

Likachelewa.

Helmeti ni silaha isiyohitaji kibali. Sindano alilizungushia mara moja, akalilaza ukutani, akalifunga mikono kwa waya wa plastiki.

"Laki moja na themanini elfu," redio ilisema. "Dakika sita."

Akausukuma mlango, Glock mbele.

Chumba kilikuwa na meza moja, feni moja, na mzee mmoja mbele ya kompyuta. Mabega yale aliyajua kwa nyuma. Yalimbeba tangu akiwa darasa la tatu, siku alipofiwa na mama yake.

"Shikamoo, Mjomba."

Salamu ilimtoka kabla ya kitu kingine chochote.

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, vumbi linaingia kwenye mashine."

Aliufunga. Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi hii. Ndiye aliyeyajenga makundi yale mawili kwa mikono yake. Ndiye aliyemwapisha Sindano, huku akimrekebisha namna ya kusimama. Mwaka uliopita alistaafu, akapewa saa ya ukutani.

"Ondoa mikono kwenye kibodi, Mjomba."

Aliiondoa. Macho yake yalikuwa mekundu, na Sindano alitambua kwamba alikuwa amelia kwa muda mrefu.

"Hukuuliza wameninunua kwa kitu gani."

"Kwa kitu gani?"

"Walisema wanajua mwanangu alipozikwa."

Mwana wa Mjomba, binamu yake, aliuawa kazini miaka mitatu iliyopita. Idara ilimpa baba barua ya mistari minne. Kaburi ni siri, mstari wa nne ulisema.

"Nikasema basi, nianzie mwanzo," Mjomba aliendelea. "Nisome za kwake kabla hawa jamaa hawajaniondoa hapa. Njoo uone."

"Hatuna muda."

"Soma, mwanangu."

Alisoma juu ya bega la mzee. Ulikuwa ujumbe mfupi. *Naomba kutolewa.* Jina lake kamili. Chumba cha chini, nyuma ya karakana ya magari. Umeandikwa saa nane na dakika kumi. Umefika makao makuu saa kumi na dakika ishirini na tano.

"Ulichukua saa mbili na robo kufika," Mjomba alisema. "Siku ile foleni ilifurika. Ujumbe wa mwanangu ulipanga mstari nyuma ya taarifa za bei ya mafuta na nani kaonekana na nani. Na kikomo cha kasi cha Idara, nani alikiweka?"

Sindano aliusoma upya mstari wa saa.

"Mimi. Niliogopa seva zisije zikazidiwa," mzee alisema. "Seva, mwanangu. Niliionea huruma mitambo."

Sindano hakuwa akijua. Alikuwa akiamini kwamba siku ile adui aliwazidi mbio tu, kama walivyoambiwa wote. Sasa alielewa kwa nini Mkuu hakuthubutu kumtazama Mjomba usoni siku ya msiba. Aliishusha bastola.

"Elfu sitini," redio ilisema. "Gari limefika getini. Sindano, zima."

Angeweza kuvuta waya. Lakini mashine ile ilikuwa na betri yake ndani, na mzee alikuwa amekaa kati yake na mashine hiyo. Kumpiga risasi hakuweza. Alilijua hilo tangu ngazini.

"Mjomba. Kwenye foleni hiyo yupo mwingine anayesubiri kutolewa. Karani wa mizani."

"Ana mtoto?"

"Mmoja. Ana miezi minne."

Mzee aliigeukia kibodi, na Sindano hakumzuia. Akaandika mstari mmoja, na namba kwenye kioo ikasimama.

Elfu thelathini na moja na ishirini.

Kisha, bila kuombwa, akaandika mwingine.

"Nimeondoa kikomo kwenye njia ya kwenda Kundi la Pili. Ufunguo wangu wa zamani bado unafungua, mwambie Mkuu ni aibu. Tumeni amri."

"Tumeni," Sindano alisema.

Walisubiri. Feni ilizunguka. Sindano alichomoa kifaa cha sikioni, akaiweka redio yake ya Motorola mezani, na wote wawili wakaitazama.

"Ameipata," sauti ilisema. "Anatoka… yuko ndani ya gari. Vijana wanaingia ghalani. Makasha yote ya silaha yapo."

Mzee alifunika uso kwa viganja. "Kwa huyu imechukua muda gani?"

"Nusu sekunde, Mjomba."

Ndipo alipolia kwa sauti, kama wanavyolia wanaume waliozuiwa kulia msibani. Sindano alichomoa diski, akaitia mfukoni, akampigia magoti kumfunga pingu. Alizilegeza zisimbane.

"Mtu wao alijua kaburi kweli?" mzee aliuliza.

"Hapana. Walikudanganya."

"Una hakika gani?"

"Kwa sababu mimi nilikuwepo. Nilishika jeneza upande wa kichwa."

Mjomba aliinua macho. Miaka mitatu walikuwa wamekula meza moja kila Jumapili.

"Uliapa," alisema.

"Niliapa mbele yako."

Alimwambia. Makaburi yaliyo nyuma ya reli, safu ya pili kutoka ukutani, pasipo kibao.

"Mvua ikinyesha, maji yanafika pale?"

"Hayafiki. Ni mwinuko."

"Basi," mzee alisema. "Basi, mwanangu."

Redio ililia tena, safari hii Mkuu mwenyewe. "Sindano, mhusika ni nani?"

Alisimama, akapangusa magoti. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ni mjomba wangu, Mkuu. Yuko chini ya ulinzi. Lete gari moja, na uandike makosa mawili. La pili ni langu. Nimemwambia alipo mwanawe."

Alizima redio. Akamshika mzee kiwiko, maana magoti yake hayapatani na ngazi, wakashuka taratibu.