Dhambi Aliyoitafuta Bibi Kembabazi

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya migomba, Komujuni alikuwa amekwisha teka maji chemchemini, amefagia ua na kuwafungulia mbuzi. Kazi iliyofuata ndiyo aliyoichukia. Mama yake, Evangelina, alichukua jembe akaenda kupalilia kahawa, naye Komujuni akaachiwa mdogo wake Egbert, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mzito kama mtungi uliojaa, ambaye hakutaka kubebwa wala kukaa chini.

Kwao kulikuwa Ihembe, katika nchi ya Karagwe, na mwaka ulikuwa 1953. Baba yake, Projest, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache aliyesikilizwa na watu. Komujuni mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma mafundisho ya kipaimara, na ilipangwa kwamba Krismasi ya mwaka ule angewekewa mikono pamoja na wenzake.

Asubuhi moja ya mwezi Juni, rafiki yake Renatha alikuja na mpira mpya uliofumwa kwa magome makavu ya migomba. Komujuni alimketisha Egbert kando ya ua, akaenda kucheza nyuma ya nyumba. Alikusudia kudaka mara chache tu. Mchezo ulinoga, akasahau. Aliporudi alimkuta mtoto chini ya mti wa mbarika, mdomo umejaa, mate meupe yakimtiririka kidevuni. Mikononi alishika maganda ya nyonyo, zile mbegu za mbarika zenye madoadoa na sumu, ambazo kila mtoto wa Ihembe alikatazwa kuzigusa.

Komujuni alimtia kidole mdomoni akayatoa makombo, akamwosha uso. Yale maganda aliyatupa mbali ndani ya migomba. Egbert alilia kidogo, kisha akanyamaza. Komujuni akajiambia kwamba hakumeza.

Mchana jirani yao alipita njiani. Aliitwa Bibi Kembabazi, mjane asiye na mtoto, aliyeishi peke yake katika kibanja cha migomba alichoachiwa na mumewe. Alimsikia Egbert akilalamika, akaingia uani, akamenya ndizi moja mbivu aliyokuwa nayo kikapuni na kumpa. Mtoto aliila yote. Bibi akacheka, akaenda zake.

Kabla jua halijazama Egbert alianza kutapika. Tumbo likamwendesha, na mama yake alipoona damu alipiga yowe lililowaleta majirani wote. Projest alifika mbio kutoka shambani. Alimshika Komujuni mabega akamwuliza mtoto amekula nini.

Komujuni alitazama nyuso zilizomzunguka. Nyonyo zilimjia hadi kwenye ulimi, na hapo zikakwama.

“Bibi Kembabazi alimpa ndizi,” alisema.

Ulikuwa ukweli. Alipewa ndizi. Baadaye Komujuni alijitetea kwa neno hilo mara nyingi moyoni, kwamba hakusema uongo hata kidogo. Lakini aliona jinsi watu walivyotazamana, akajua anachokifanya, na hakuongeza neno.

Alfajiri mtoto alibebwa kwa machela hadi kwa waganga wa misheni kule Nyakahanga, baba na mama wakifuata kwa miguu. Walikaa huko siku nane. Muuguzi aliwaambia kwamba mtoto amekula kitu kibaya kilichomwunguza tumbo, ila hangeweza kujua ni kitu gani. Walimpa dawa na maji kidogo kidogo, na siku ya tano Egbert alifumbua macho akaomba uji.

Siku hizo nane, huku Ihembe, kazi nyingine ilifanyika. Yustasi, ndugu wa marehemu mume wa Kembabazi, alikuwa amekitolea macho kile kibanja kwa miaka mingi. Sasa alipata sababu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema kwamba mchawi amejidhihirisha, kwamba hata kaka yake huenda hakufa kifo cha Mungu. Siku ya tatu alikuja na vijana wenye mapanga. Walifyeka migomba iliyozaa na isiyozaa, wakatia moto nyumba ya nyasi mchana kweupe. Komujuni alitazama akiwa nyuma ya ukuta wa kwao. Alimwona bibi akitoka na kikapu na blanketi, akisimama katikati ya ua kana kwamba anasubiri mtu aseme jambo. Hakuna aliyesema. Basi akaishika njia ya kwenda Kamuli, mwendo wa siku mbili, alikokaa mtoto wa kaka yake.

Wazazi waliporudi na Egbert mzima, ibada ya shukrani ilifanyika. Watu waliimba kwa sauti kuu kwamba Mungu ameokoa. Jumapili hiyohiyo wazee wa kanisa walikutana, Projest akiwa miongoni mwao, wakaamua Kembabazi atengwe na meza ya Bwana. Mwinjilisti wao, Mwalimu Rwegasira, alichukua kalamu akalifuta jina lake. Hakuna aliyetumwa Kamuli kumwuliza.

Toka siku hiyo Komujuni alimngoja Mungu ampige. Mvua za Oktoba zilipoanza na radi kupasua anga juu ya vilima, alijikunja kitandani akijua kwamba sasa ndiyo. Radi zilipita, zikaenda kulia mbali. Ndizi ziliiva, kahawa ilichumwa, Egbert alinenepa akajifunza kukimbia. Hakuna kilichompata. Hilo lilimtisha kuliko radi yenyewe. Aliwaza kwamba labda Mungu hakuona, au aliona akakubaliana na Yustasi.

Mwezi Novemba darasa lilifika kwenye amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Mwalimu Rwegasira alieleza kwamba amri hiyo huvunjwa kwa mdomo, na huvunjwa vilevile kwa kuufunga mdomo pale neno moja lingemwokoa mtu. Alieleza kwamba Mungu ni wa haki, hawezi kuiita dhambi kuwa kitu kidogo, na ndiyo maana Kristo alikwenda msalabani. Wenzake walikariri. Komujuni hakuweza. Darasa lilipotawanyika alibaki kwenye benchi.

“Mwalimu,” alisema, “Mungu akinyamaza, maana yake amesamehe?”

“Mara nyingine hunyamaza ili wewe useme,” alijibu. Hakumwuliza zaidi.

Siku hiyo alasiri Komujuni alimfuata baba yake penye mikeka ya kahawa, akamweleza yote: mpira, mbarika, maganda, ndizi. Alieleza akitazama miguu yake. Alipomaliza, Projest aliendelea kuigeuza kahawa kwa viganja, akaitandaza, akaigeuza tena.

“Umemwambia nani mwingine?”

“Hakuna, baba.”

“Basi lisitoke hapa. Mtoto amepona. Yule bibi ana ndugu zake. Mwombe Mungu msamaha, atakusamehe, yaishe.”

Komujuni alikaribia kufurahi. Kisha alisikia kisu kikianguka ndani ya beseni. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi za chakula cha jioni, na alikuwa amesikia kila neno.

Evangelina hakumpiga. Laiti angempiga, Komujuni angeona ni nafuu. Mama aliinuka, akaenda hadi kwenye mti wa mbarika, akasimama akiutazama. Yeye ndiye aliyemlaani Kembabazi chemchemini mbele ya wanawake wote, akaomba asizikwe na watu. Aliporudi alizungumza na mumewe kwa sauti ya chini.

“Wewe ulikaa na wazee mkamhukumu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mimi na huyu tunakwenda Kamuli.”

Walikwenda. Siku mbili walitembea, Egbert mgongoni kwa mama, wakalala njiani kwa Wakristo waliowakaribisha. Njia nzima Evangelina hakumsemesha binti yake isipokuwa kumwambia apokee mtoto au ashike mzigo.

Walimkuta Bibi Kembabazi nyuma ya nyumba ya mpwa wake, mlangoni pa jiko la nyasi, akipukuchua maharage. Jiko hilo ndimo alimolala, pamoja na mbuzi wawili. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mabega ilionekana chini ya kanga.

“Shikamoo, bibi,” alisema Komujuni.

“Marahaba.” Alimtazama Egbert mgongoni kwa mama yake. “Kumbe alipona. Hakuna aliyeniambia.”

Komujuni alipiga magoti juu ya maganda ya maharage akasema yote. Sauti ilimpotea mara mbili, na mara zote mbili mama alimwambia aendelee. Kembabazi hakuacha kupukuchua. Alipomaliza ganda moja alichukua jingine.

“Nilijua kwamba sikumpa mtoto sumu,” alisema hatimaye. “Nilichokuwa sijui ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine anayejua.”

Akaendelea, akizungumza polepole kama mtu anayehesabu.

“Nilipokuwa nakuja huku nilimwuliza Mungu nimemkosea nini. Nilisema, Mungu ni wa haki, hapigi bure. Basi nikaanza kuitafuta dhambi yangu. Kila jioni naitafuta. Nimeungama hasira niliyokuwa nayo kwa mume wangu. Nimeungama maziwa niliyoiba kwa shangazi nikiwa mtoto mdogo kuliko wewe. Kila nikiungama moja nasema labda ndiyo hii, kesho wataniita nyumbani. Miezi mitano, mwanangu. Kumbe nilikuwa natafuta yako.”

Evangelina alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Komujuni alitaka kulia, akaona hana haki ya kulia mbele ya mtu huyu.

“Naomba unisamehe, bibi.”

“Nimekusamehe. Mimi nami kila siku namwomba Mungu anisamehe, sasa nitamwomba vipi kitu nisichokubali kukitoa? Nimekusamehe wewe, na mama yako.” Alisukuma ungo kando. “Lakini usinitazame hivyo, kana kwamba sasa nitacheka. Kristo aliibeba dhambi yako. Nyumba yangu hakuibeba. Ilichomwa na watu, na ni watu watakaoijenga.”

Walirudi Ihembe bila yeye. Alikataa kuondoka mpaka jina lake litakaposafishwa mahali palepale lilipochafuliwa.

Jumapili iliyofuata Komujuni alisimama mbele ya kanisa. Alitaja mpira, alitaja nyonyo, alitaja maganda. Watu waliguna. Kwenye benchi la wazee Projest aliinuka. Alikuwa ameishi peke yake kwa siku tano katika nyumba isiyo na sauti. Alisema kwa sauti kavu kwamba alimhukumu jirani bila kumsikiliza, na kwamba alipoujua ukweli aliuamuru mdomo wa mtoto wake ufungwe. Alisema hafai kuketi kwenye benchi lile. Akatoka, akakaa nyuma, kwenye majani yaliyotandazwa chini.

Shauri lilipelekwa kwa mkungu, yule mkuu wa kijiji. Yustasi aliagizwa kurudisha kibanja, akarudisha huku akitukana. Migomba iliyofyekwa ilikuwa imeanza kutoa machipukizi, ila hakuna ambaye angechuma ndizi humo mwaka huo. Projest alikata miti, wanaume wachache wakamsaidia, wengi hawakufika. Komujuni na mama yake walikata nyasi na kuzibeba vichwani wiki mbili. Wazee waliamua Komujuni asipewe kipaimara Krismasi ile, angoje mwaka mwingine. Baba yake hakuwa na sauti tena ya kumtetea, wala hakuitafuta.

Bibi Kembabazi alirudi siku chache kabla ya Krismasi. Siku ya ibada alikwenda mezani pa Bwana pamoja na wengine. Wanawake walimpisha njia kwa heshima kubwa kupita kiasi, na yeye alipita katikati yao bila kutazama kulia wala kushoto. Baada ya ibada alisalimia kila aliyemsalimia. Hakuingia nyumba ya mtu. Watoto walipomkimbilia aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Komujuni aliyaona hayo akiwa mlangoni. Mwalimu Rwegasira alikuja akasimama kando yake.

“Mwalimu, alisema amenisamehe. Na nimeomba, na ninaamini Mungu amenisamehe. Mbona bado ni hivi?”

“Kwa sababu kusamehewa si kusahauliwa kwa kilichotokea,” alisema mwalimu. “Ulidhani haki ya Mungu ni radi inayokutafuta. Ingekuwa hivyo, Komujuni, ni nani kati yetu angekuwa amesimama hapa leo? Mimi ndiye niliyelifuta jina lake kwa kalamu yangu, na sikumwuliza hata swali moja. Dhambi hiyo yako, na hiyo yangu, Mungu alizihukumu akazibeba mwenyewe msalabani. Hatuzilipi, maana hatuwezi. Huo ndio wokovu, na tumepewa bure. Lakini yule bibi alilala na mbuzi miezi mitano kwa ajili ya ukimya wetu, na hakuna sala inayoweza kuirudisha miezi hiyo. Tulichobakiwa nacho ni kusema kweli mapema safari nyingine, na kumtendea mema bila kumdai atuchekee.”

Komujuni aliitikia kwa kichwa. Bibi Kembabazi alikuwa amekwisha shika njia ya kwake, peke yake, akitembea polepole. Komujuni alimuaga mwalimu, akamfuata, akamwomba ambebee kikapu. Bibi alisita. Kisha akampa kikapu, nao wakaishika njia ya kibanjani.