Ngazi za Mteremko wa Mnyambe

Kila alfajiri Sikudhani alijitwika mtungi juu ya kata ya majani, akateremka na rafiki yake Esha hadi kisimani bondeni. Kijijini Mnyambe, juu Umakonde, hakukuwa na kijito. Maji yalipanda mteremko kichwani mwa mtu.

Mwaka 1951, mvua ya mwisho ya masika iliibomoa njia hiyo. Jumbe, mkuu wa kijiji, alikuwa amefariki na serikali haijaweka mwingine, basi wanaume wakakaa barazani kubishana ni ukoo gani utoe mtu wa kuamuru kazi. Siku ya tatu maji ya mvua waliyokinga yakaisha, nao bado wanabishana.

Nyumbani, mama yake Sikudhani alikuwa amejifungua juzi. Mtungini yalibaki maji ya kikombe kimoja.

"Huu uji niupike kwa mate?" aliuliza Bibi Anastasia, jirani aliyemzalisha. "Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina midomo mingi, haina hata mkono mmoja."

"Baraza la wazee!" Sikudhani akacheka. Kisha akamtazama mama yake, akachukua jembe, akatoka.

Alianza kuchimba ngazi mteremkoni. Mzee Mrisho akamwona kutoka barazani.

"We mtoto, nani kakutuma?"

"Shikamoo, babu. Hakuna."

"Marahaba. Haya, tumempata jumbe mwenye gauni!" Wanaume wakaangua kicheko.

Sikudhani hakuacha. Esha akaja na jembe lake, mama yake akafuata, na hadi kufika saa sita wanawake ishirini walikuwa wanachimba. Walipofika chini, Esha akajaribu kupanda na mtungi uliojaa. Puu! Akateleza, mtungi ukapasuka vipande vipande. Sikudhani machozi yakamlengalenga.

"Umechimba wima kama unashusha gogo," alisema Bibi Anastasia, aliyekuja kuwatazama. "Mwenye mtungi hapandi hivyo, mwanangu. Pindisha njia, ngazi ziwe fupi." Akainama kuonyesha, na sasa wote wakamfuata yeye.

Mzee Mrisho akasogea. "Nani anaamuru hapa?"

"Hakuna, babu," akajibu Esha. "Ila ngazi zinataka magogo ya kuzizuia."

Mzee akakuna kichwa, akavua kanzu, akaenda kukata magogo. Baraza zima likamfuata.

Jioni mitungi ilipanda, vigelegele vikasikika mpaka mashambani. Mzee Mrisho mwenyewe alibeba mtungi wa Sikudhani hadi mlangoni.

"Tulimtafuta wa kututuma," alisema Bibi Anastasia akimwogesha mtoto mchanga. "Kumbe tulimfuata aliyeanza. Alipokosea, tukamfuata aliyejua. Magogo yalipotakiwa, tukamfuata aliyeyabeba. Mjukuu wangu, ukiona kazi inayowaumiza wote, ishike. Wenzako watakuona."

Mama akapokea bakuli la uji kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho.

"Sikudhani," alisema, "niongeze."