Maji Yalipopanda Kisimani mwa Bi Swafia

Ngazi ilikatika saa sita kasorobo, fundi Kaingu akiwa katikati. Chuma kilitoa mlio mmoja tu, kisha mtu, vipago vya kukanyagia na kutu vikaja chini pamoja. Rosebella Nasipwondi alibana mgongo ukutani. Vumbi lilipotulia akamwona fundi amekaa kwenye tope la chumvi, mguu wa kulia umepinda pale pasipo na kiungo.

"Usiniguse kwanza, mama," Kaingu akasema. "Ngoja nimalize kutukana."

Walikuwa chini ya kisima kikavu, mita tisa, uani kwa Bi Swafia, Mji wa Kale. Mwenye nyumba alikuwa Lamu harusini. Ufunguo alimwachia Kaingu, mwashi wake wa miaka yote. Simu zao zilibaki juu ndani ya begi. Nyumba ya pili ni karakana ya Taib seremala, na randa yake ya umeme haikunyamaza tangu asubuhi. Walipiga kelele hadi koo zikauma. Nani asikie?

Rosebella alikuwa mtaalamu wa matetemeko. Miaka ishirini na saba anaisikiliza ardhi: Magadi, Turkana, Voi, kulala hemani, kula maharage ya kopo, kuandika mitikisiko ambayo binadamu wa kawaida haihisi. Humu kisimani aliweka chombo chake ndani ya shubaka, akisaka vishindo vidogo vinavyopita kwenye gamba la dunia chini ya kisiwa. Alivipata. Miezi kumi na mmoja ya vishindo.

Kuhusu ile ngazi aliandika barua tatu ofisini. Akajibiwa asubiri. Kisha jana Oliver, mkubwa wake, akaamuru chombo kitolewe leo hii, kuna wageni wa kuonyeshwa. Rosebella akamwambia leo ni bamvua, maji makuu, bahari itaingia kisimani kwa nyufa za chini. Oliver akajibu kwamba bahari haimpangii yeye ratiba. Ndivyo walivyo. Anayeamuru watu washuke, mwenyewe hashuki.

Rosebella aliufunga mguu wa Kaingu kwa mbao mbili alizookota topeni na mtandio wake. Kaingu aliuma kola ya shati, jasho likimtiririka. Maji ya kunywa yalikuwa nusu chupa. Wakayagawana kwa kifuniko cha chupa, kimoja kimoja.

Saa saba na nusu ufa wa chini ukaanza kutoa maji.

"Mama, umeyasoma mawe maisha yako yote," Kaingu akasema. "Hebu yaambie yatushushie ngazi."

"Hayanisikii. Mimi ndiye huyasikiliza."

"Kumbe umesomea kazi ya mke mkubwa."

Rosebella alicheka, halafu akachoka hata kucheka. Nusu ya juu ya ngazi ilikuwa bado imeshika ukutani, mbali na mkono. Alijaribu kupanda mara mbili. Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili aliacha kucha mbili kwenye jiwe. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni, baridi, yana harufu ya mwani. Alimwinua Kaingu akamwegemeza begani.

"Tazama ule mstari mweusi," Kaingu akasema. "Bamvua hufika pale. Kipago cha kwanza cha ngazi iliyobaki kiko juu yake mkono mmoja tu. Haya maji ndiyo ngazi yetu, mama. Tuelee."

"Na mguu huo?"

"Hapo ndipo. Mimi ni Mgiriama wa Bamba. Kwetu maji tunayaona ndooni."

Rosebella akalitazama shubaka. Chombo kilikuwa ndani ya sanduku kubwa la plastiki, lisilopitisha maji. Likiwa tupu lingembeba mtu. Lakini nje ya sanduku chombo kingekufa kwa chumvi, na kadi yenye kumbukumbu za miezi yote ilikuwa imekazwa ndani yake kwa skrubu ambazo bisibisi yake iko ofisini. Alisimama hivyo mpaka maji yakamfika kifuani.

"Mama," Kaingu akasema polepole, "mimi nazama."

Akafungua sanduku. Akakitoa chombo kwa mikono miwili, akakiachia. Hakikutoa hata povu la maana.

Akalifunga sanduku, akamkumbatisha Kaingu, akamshika ukosi. Maji yakawapandisha kidogo kidogo, saa nzima na zaidi, Rosebella akipiga miguu, mapaja yakikakamaa. Kaingu alianza kusinzia, Rosebella akamzaba kofi. Vidole vyake vilipogusa kipago, hakuamini. Akamfunga fundi pale kwa mkanda, akapanda peke yake huku chuma kikilalamika.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha na randa imezimwa. Alipopiga ukelele barazani, wanaume waliokuwa wakienda msikitini wakaingia mbio. Taib alileta kamba. Kaingu akatoka kisimani akiwa amepauka kama chokaa.

Simu ikalia ndani ya begi. Oliver.

"Chombo kimetoka salama?"

"Kaingu amevunjika mguu."

"Nimeuliza chombo, Rosebella. Wageni wamefika."

Miaka ishirini na saba alikuwa akijieleza kwa watu hawa. Safari hii pumzi ya kujieleza haikuwapo.

"Kiko chini," akasema. "Njoo na wageni wako mkichukue."

Akakata. Wakampakia Kaingu kwenye tuktuk kwenda hospitali, na Rosebella akaupakata ule mguu. Vichochoro vilikuwa na mashimo. Kila gurudumu lilipodunda, mshindo ulipita kwenye mfupa wa mtu ukamfikia mapajani.

"Pole, kaka," akawa anasema. "Pole."

Akaendelea hivyo hadi mlangoni.