Namba ya Kukisia

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, msichana mmoja wa darasa la saba alimfuata shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa sajini wa askari wa doria ya mpakani. Zamu yake ilikuwa kwenye kibanda cha mabati kilichojitenga hatua kama hamsini na barabara ya vumbi, ile wanayopita wakulima wanaokwepa foleni ya kituo kikubwa. Darasani msichana aliitwa Kamanda, kwani kila akiulizwa atakuwa nani akikua, jibu lilikuwa lile lile: askari wa mpakani.

"Kazi hii haitaki ubavu peke yake, mwanangu," shangazi alimwambia. "Inataka mtu anayeona, kisha anasema alichokiona." Akampa daftari afanye mazoezi ya kuandika kila gari linalopita: rangi, namba na saa.

Taabu ilikuwa kwenye kuona. Tangu muhula uliopita, maandishi ya ubaoni yalimchezea. Wiki iliyotangulia aliuamkia mlingoti wa bendera "shikamoo" akidhani ni mkuu wa kituo, na shangazi akacheka akafikiri ni utani. Kamanda hakumwambia mtu. Alisikia mtaani kwamba mwenye miwani haajiriwi uaskari, basi akafunga mdomo. Gari likipita mbali, aliandika tarakimu alizoziona na kukisia zilizobaki.

Jumamosi hiyo, yapata saa nne, mama mmoja alifika kibandani akikimbia, pumzi zikimkatika.

"Wamemchukua binti yangu," alisema. "Ana miaka minne. Nimeingia ndani kuchukua maji, natoka, gari limeondoka na mtoto hayupo."

"Gari gani, mama?"

"Pikapu nyeupe. Ilikuwa inapakia magunia kwa jirani. Namba sikuishika."

Shangazi, aliyeshinda ameinamia kitabu cha zamu tangu asubuhi, alimgeukia Kamanda. "Imepita hapa?"

"Imepita, shangazi. Dakika kumi hivi zilizopita."

"Namba?"

Kamanda alitazama daftari. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika 386. Alijua ameiona ile tatu tu. Lakini mama yule alikuwa anamtazama, na shangazi alikuwa ameshainua redio.

"Mia tatu themanini na sita," alisema.

Shangazi aliituma namba hiyo kwenye kizuizi cha mbele. Sauti ya askari ilijibu: "Leo ni siku ya soko, Sajini. Pikapu nyeupe ni nyingi. Tunaitafuta hiyo tu, nyingine tunaziachia."

Mama aliketi kwenye benchi. Redio ikakoroma tena. "Nyeupe ya kwanza, namba siyo. Imepita." Baada ya muda, "Ya pili siyo. Imepita."

Kila neno "imepita" lilimchoma Kamanda kama mwiba. Akisema, ndoto yake itaishia palepale mbele ya shangazi. Asiposema, mtoto atazidi kwenda mbali.

"Shangazi," alisema, "ile namba nimekisia. Nimeona tatu ya mwanzo tu. Sioni mbali."

Mama aliinua kichwa. Shangazi alikaza uso, lakini hakugomba. "Umeona nini kwa hakika? Taratibu."

"Turubai la bluu limefunika magunia. Na bomba la moshi lilikuwa linagonga chini. Nimelisikia mpaka lilipopinda kona."

"Achaneni na namba," shangazi aliiambia redio. "Pikapu nyeupe, turubai la bluu, bomba la moshi limelegea."

Redio ikakoroma: "Hiyo ndiyo ya pili, Sajini. Tumeiachia. Pikipiki inaifuata."

Kamanda alihesabu misumari ya ukutani, akakosea, akaanza upya. Mama alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Tumempata," redio ilisema hatimaye. "Yuko chini ya turubai. Alipanda mwenyewe akalala kati ya magunia. Dereva hakujua, anatetemeka kuliko sisi. Mtoto ameloa jasho na amelegea, lakini anakunywa maji. Tunampeleka zahanati."

Mama alilia kwa mara ya kwanza. Gari la doria likamchukua kwenda kumwona mwanawe.

Walipobaki wawili, Kamanda aliivua beji ya karatasi aliyojitengenezea. "Basi mimi siwezi kazi hii, shangazi."

"Umenikosea, na umemkosea yule mama zaidi," shangazi alisema. "Joto la chini ya turubai halimsubiri mtu. Jumatatu tunakwenda kupimwa macho."

"Wakinipa miwani, wataniajiri?"

"Hilo silijui. Tutawauliza wanaojua." Shangazi akaliweka daftari mezani na kuufuta ule mstari wa 386. "Umenisikia? Nimesema silijui, na cheo changu bado kiko begani. Macho mabovu yana daktari wake. Lakini askari anayesema ameona asichokiona, hata akiwa na macho ya mwewe, mpaka wake uko wazi. Kuanzia leo, usipoona, andika kwamba hukuona."

Gari lilikuwa linakuja kwa mbali. Kamanda alikodoa macho, akashika kalamu, akaandika: *Lori, jekundu. Namba sikuiona.*