Nafasi ya Mpambe wa Kumi na Mbili

Siku hizi harusi ambayo wapambe hawajacheza kwa mpangilio watu huiita kikao. Ndiyo maana jirani yetu mmoja, mwalimu wa dansi, hakosi kazi. Kwa ukali alionao, hata mabwana harusi wanamgwaya.

Safari hii aliwafunza wasichana kumi na wawili, wawili wawili, mdogo wake akiwa mmoja wao. Jumapili, msichana tuliyezoea kumwita Kidoti, aliyepangwa kucheza na mdogo wake, aliugua ghafla akafariki. Akazikwa Jumanne. Bibi harusi akasisitiza dansi iwepo, tena Jumamosi ileile iliyopangwa. Hapakuwa na muda wa kupanga upya, kwa hiyo mwalimu akaiacha nafasi ya marehemu wazi.

"Nyoosha mkono kama kawaida," alimwambia mdogo wake. "Mshike kama yupo."

"Dada, naogopa."

"Acha kudeka. Moja, mbili, geuka!"

Siku tatu mfululizo binti wa watu akafundishwa kushika hewa, mpaka akazoea.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Wapambe wakaingia kwa madaha, vigelegele juu. Mwalimu alisimama kando akihesabu hatua kimoyomoyo. Ikafika sehemu ya kushikana mikono. Mdogo wake akanyoosha wake, na vidole vyake vikabanwa. Mwalimu aliona kabisa nyama ya kiganja ikibonyea.

Muziki ukaisha. Wenzake wakasimama. Yeye hakusimama. Alikuwa anazungushwa, mkono umevutwa hewani, miguu inaburuzika. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mbwembwe.

Mwalimu akamrukia.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Ana mkono wa baridi. Anasema twende."

Akamkumbatia kiunoni, akavuta. Wapi! Wote wawili waliteleza kuelekea mlangoni. Hatua kumi. Hatua tano. Mtoto aliyemlea tangu mama yao afe alikuwa anachukuliwa mbele ya macho yake, na ukumbi mzima unashangilia. Alichanganyikiwa. Akalia bila haya, akaunyoosha mkono wake mwenyewe pale pasipo na mtu.

"Kidoti, mwanangu," akanong'ona. "Nafasi niliiacha mimi. Mwachie huyu. Nishike mimi."

Mvuto ukakatika.

Mdogo wake akaanguka chini, anahema, mzima. Mwalimu akapiga magoti, akampakata, akamshukuru Mungu kwa sauti iliyokauka. Watu wakarudi kwenye viti vyao wakisifia onyesho.

Alipotaka kumfuta machozi ndipo alipoona kiganja chake mwenyewe, kile alichokinyoosha. Kilikuwa na mistari minne ya rangi ya kucha, bado mbichi. Ilikuwa rangi ya wapambe, ile waliyoichagua Alhamisi, Kidoti akiwa na siku mbili kaburini.