Saa Isiyotakiwa Kusimama

Aristides alipiga hodi mlangoni wakati Aristides yuko ndani, amekaa kwenye kigoda, anakula.

Laurensia alikuwa ameshika sahani ya pili mkononi. Alimtazama mumewe, akautazama mlango. Sauti ilikuwa yake kabisa, pamoja na kile kikohozi kifupi cha mwishoni. "Hodi hapa."

"Umesikia?"

"Nini?"

"Mtu amepiga hodi."

"Si umkaribishe."

Hakumkaribisha. Alikuwa amepalilia maharage tangu kulipokucha na mgongo ulimuuma kiasi kwamba hata hofu ilimwona hana nafasi. Alifungua mlango. Migomba ilikuwa imetulia, mbuzi anatafuna kamba yake, kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Hakuna mtu. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya shimo la ndizi za pombe linapofunuliwa baada ya ndizi kuivia chini ya udongo. Wengine wanaipenda harufu hiyo. Lakini msimu ule hawakuwa wamefukia ndizi hata moja.

"Hakuna mtu," alisema, akakaa kula. Chakula kilikuwa kinapoa.

Nyakasimbi yote inajua ugonjwa wa Aristides. Wanaume wengine wana pombe, yeye ana saa za mkono za zamani, zile za kutia ufunguo kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Anazinunua kwa wajane, kwa wastaafu, kwa watu waliovuka mpaka na vitu vya babu zao mfukoni. Anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati na hazivai. Jioni anazimwaga kwenye kitambaa, anazifuta, anazipiga picha kwa simu na kuzituma kwenye kundi la wenzake wanaougua ugonjwa huohuo, kutoka Kayanga hadi Murongo. Wanauziana, wanabadilishana, wanatukanana. Laurensia aliwahi kumuuliza, watu wazima wenye simu saa zote wanatafuta nini kwenye saa. Aristides akamjibu kwamba hawezi kuelewa. Hilo lilikuwa kweli.

Mmoja wa hao wenzake alikuwa Celestin, mnunuzi wa maharage pale Nkwenda, mtu wa kelele na mkarimu. Yeye hakutaka kununua kwa picha. Alikuja mwenyewe, akaigeuza saa moja yenye uso wa rangi ya chai, akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Nzima?" aliuliza.

"Nzima," alisema Aristides.

"Mzee wangu, nakujua. Sema ukweli."

Laurensia ndiye aliyeleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Alidhani kila mmoja atachota zake. Lakini Aristides alikuwa na hamu ya kuuza. Alichagua kahawa moja, akalibana ganda kwa meno, punje mbili zikatoka. Moja akaiweka ulimini, ya pili akampa Celestin mkononi.

"Tafuna," alisema. "Saa hii ikisimama, anayetaka aje achukue pumzi yangu."

Celestin akacheka, akatafuna. Wakapeana mikono. Laurensia aliona jambo lile si sawa, lakini sufuria ilikuwa inachemka jikoni, akaenda.

Haikupita wiki mbili, sauti ya Celestin ikaanza kutoka kwenye simu ya Aristides, mbele ya kundi zima. "Ndugu zangu, mimi nimenunua maiti. Maiti yenye mkanda wa ngozi. Inatembea asubuhi, ikifika mchana inalala kama mkwe wangu." Aristides akajibu kwamba saa ni kama ng'ombe, inataka mtu anayejua kuishika. Celestin akajibu kwamba hata ng'ombe wa Aristides angekuja na miguu mitatu. Kundi likacheka siku nzima. Mwishowe mtu wa bodaboda akaileta saa Nyakasimbi, imeviringishwa kwenye jani kavu la mgomba, imefungwa kwa kamba, kama samaki wa mnadani.

Aristides hakuifungua. Aliitupa ndani ya kopo na jani lake.

Hodi ya kwanza ilipigwa mchana uleule.

Baada ya hapo ilikuja kila siku, wakati wa jua kali, watoto wakiwa shuleni. Laurensia aliizoea kama anavyozoea kuku wa jirani. Kisha siku moja Aristides alikuwa anageuza kahawa kwenye mikeka, akasimama wima, akashika kifua, akaanguka. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia wala kutoka. Laurensia alimburuta hadi kivulini, akamfungua shati, akamwita, akampiga mgongoni. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Na mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, mahali ambapo hakukuwa na mtu, sauti ya mume wake aliyelala mapajani pake ikasema kwa adabu, "Hodi. Nimekuja kuchukua."

Maneno yale ya siku ya kikapu yalimrudia yote kwa mara moja, na mwanamke ambaye hakuwahi kukimbia tangu mimba yake ya mwisho alikimbia, akaupita ule mlango uliokuwa unanuka ndizi mbivu hadi koo likamkereketa, akahisi amepita karibu na kitu kirefu chenye ubaridi kilichojisogeza kumpisha kama mgeni mwenye heshima anavyompisha mama mwenye nyumba, akalivuta kopo likamwagika sakafuni, akalirarua lile jani, akaishika ile saa iliyokuwa imesimama na kuanza kuzungusha kitufe kwa vidole vyenye udongo, akizungusha, akizungusha, hadi mshale mwembamba ukatikisika na kuondoka.

Kule uani Aristides alivuta hewa kwa sauti ya mlango mbovu, akaanza kukohoa.

Mlangoni hapakusemwa kitu tena.

Zahanati walimpima, wakasema hana tatizo. Katekista alikuja kusali, mtu mwema. Harufu iliondoka alipoanza na ikarudi alipomaliza. Fundi saa aliiweka sikioni akasema springi imechoka, ndiyo maana haishiki hata nusu siku.

"Itengeneze basi," alisema Laurensia.

"Sawa. Lakini lazima nifungue, mama. Na nikifungua inasimama."

Laurensia aliichukua saa yake, akarudi nyumbani.

Ndipo alipokwenda kwa Kokushubira, upande wa Bweranyange. Kokushubira ni bibi anayetibu watoto wa degedege na watu wazima wa mambo mengine. Hakumpigia ramli. Aliuliza tu walichotafuna siku ya kuuziana.

"Shikamoo waitu," Laurensia alikuwa ameanza, kwa neno la kumheshimu mkubwa, na kabla hajamaliza kueleza, bibi alikuwa tayari anatikisa kichwa.

"Kahawa ya ganda moja ni ya kufunga undugu," alisema. "Haitafunwi kwa biashara. Anayeitafuna, neno lake linasikika mbali kuliko anavyodhani. Na mumeo akasema nani aje?"

"Alisema anayetaka."

"Anayetaka." Bibi alivuta kitenge mabegani. "Hilo la mlangoni lilikuwa linapita zake tu, mwanangu. Halikuwa na shida na ninyi. Mkaliita."

"Linatoka?"

"Wakitaka wao. Waje wote wawili, watafune tena ganda moja, wateme, na kila mmoja aseme kosa lake kwenye ile saa. Likisikia kwamba kiapo kilikuwa cha uongo, halina cha kudai."

Celestin hakukawia kukubali. Alipomwona Aristides alivyokonda, hata utani ulimwisha. Walikaa sebuleni jioni kabla ya giza, Kokushubira katikati, saa juu ya meza, Laurensia karibu nayo. Mlango uliachwa wazi kama bibi alivyotaka. Ile harufu ilikuja mapema, ikatulia kizingitini. Ilikuwa nzito. Mbuzi aliacha kulia.

Kokushubira akalibana ganda, akawapa punje. Wakatafuna, wakatema kwenye jani.

"Sema wewe mgeni."

Celestin aliinamisha kichwa. "Nilipoona inasimama, niliifungua kwa kisu cha jikoni. Nikachokonoa. Niliwaambia watu sikuifungua. Nilidanganya."

Kizingiti kikalia kidogo, kama mtu aliyehamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Laurensia aliona macho ya bibi yakimwambia vumilia, imebaki moja.

"Sasa baba mwenye nyumba. Sema."

Aristides alikuwa anamtazama Celestin. Uso wake ulikuwa umechangamka kama ambavyo haukuwa umechangamka mwezi mzima.

"Mmesikia?" alisema. "Mmesikia wenyewe? Kwa kisu cha jikoni!"

"Baba Liliane," alinong'ona Laurensia. "Sema lako."

"Nilijua! Nilisema tangu mwanzo huyu kaifungua!"

"Aristides, nakusihi. Uliijua ni mbovu. Mimi nilikuona ukiitia ufunguo asubuhi ile na ukaitia tena kabla mgeni hajafika. Sema tu. Ni maneno mawili."

"Mimi nilimpa saa nzima," alisema Aristides, polepole, kila neno peke yake. "Haki ya Mungu, nzima."

Celestin alisimama. "Mzee, mimi nimejivua nguo mbele ya mkeo kwa ajili yako."

"Na kisu ulikiacha wapi?"

Mlangoni mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha Aristides, cha kuridhika. Celestin alitoka kupitia mlango wa nyuma na pikipiki yake ikasikika ikipanda kilima bila kuaga mtu. Kokushubira alikunja jani lake, akafunga kifurushi.

"Sina cha kufanya," alimwambia Laurensia. "Ameapa tena."

"Kwa hiyo mimi nifanyeje, waitu?"

"Isisimame."

Basi Laurensia akaivaa. Aliitia ufunguo akiwasha moto, akaitia akienda shambani, akaitia akimenya ndizi, akaitia watoto wakirudi. Usiku pia. Alikuwa amenyonyesha watoto wanne na mwili wake ulijua kuamka bila yeye mwenyewe kuamka kabisa. Watu walipomuuliza saa ngapi aliwaambia hajui, kwa sababu mishale ile haikuwahi kusema kweli. Saa ilimwachia alama nyekundu mkononi. Sasa kila jioni kitu kilikuja mlangoni, kikasimama, kikasikiliza kama inatembea, kikaondoka. Wakati mwingine alikiambia, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Bado." Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Aristides alinenepa tena. Alirudi kwenye kundi lake, akaeleza habari ya kisu. Alimwahidi mkewe kwamba hatauza tena saa yoyote.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, Laurensia alirudi kutoka kisimani akakuta vikombe viwili mezani, na kikapu kidogo cha kahawa, na ganda moja lililobanwa kwa meno likabaki tupu.

Aliweka ndoo chini taratibu.

"Nani alikuwa hapa?"

"Winston, kijana mmoja wa Kayanga. Mtu mstaarabu sana. Amechukua ile ndogo ya kike." Aristides alikuwa anafuta kopo lake. "Usinitazame hivyo. Ni nzima."

"Mlitafuna."

"Mama Liliane, mteja lazima umpe neno. Bila neno nani atanunua kitu cha zamani?" Kisha, kama anayemtoa hofu: "Safari hii sikuapa kwa pumzi yangu. Mimi si mjinga."

Laurensia alizungusha kitufe kwenye mkono wake, kwa mazoea. Saa ilijibu kwa sauti yake ndogo.

"Umeapa kwa ya nani?"

Mumewe alishika kitambaa, akafuta mahali palipokuwa pamekwisha kufutwa.

"Wewe huna kikohozi," alisema. "Wewe una afya."

Hakupiga kelele. Kelele zilihitaji mtu aliyelala usiku. Alivua ile saa mkononi, akamfungia Aristides mwenyewe, akaukaza mkanda hadi tundu la mwisho.

"Ukisinzia, shauri yako," alisema. "Kijana ameshika njia ipi?"

"Ya chini. Kwa miguu, anatafuta pikipiki. Lakini huwezi kwenda kumnyang'anya mtu kitu alichokwisha..."

Alikuwa ameshafika uani. Alifunga kitenge upya kiunoni, akashika njia ya chini katikati ya migomba, akitembea haraka, kwa sababu alikuwa anawajua watu hawa wa saa, alijua kwamba hawavai wanachonunua wala hawakitii ufunguo, wanakifunga kwenye kitambaa na kukitia mfukoni na kukipeleka nyumbani kwenye kopo lao, na pale mfukoni mwa kijana mstaarabu asiyejua lolote springi ilikuwa inalegea kidogo kidogo kila hatua, na kifua chake yeye Laurensia kilikuwa kimeanza kubana, akajiambia ni kilima, ni ndoo za maji, ni umri, ingawa njia ile ilikuwa inateremka.

Mbele, kwenye kona, aliona shati jeupe la mtu. Alifungua mdomo amwite. Hewa haikutosha.

Harufu ya ndizi mbivu ilimfikia kutoka nyuma. Kisha, kwa adabu, mtu akapiga hodi, na safari hii sauti ilikuwa ya mwanamke, imechoka.